Jumapili Iliyonipotea

Shiroko, Suzuka,
Mkoa wa Mie, Japani.
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi Fumie,

Nakuinamishia kichwa kutoka huku, nikitumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na miguu yako imeacha kuvimba. Dada Chisato aliniandikia mwezi Juni kwamba baridi ya huko Londrina imekukamata kifua. Je, kimeachia? Na zile soksi za sufu nilizokutumia, unazivaa kweli au umezificha kabatini zisichakae? Maana nakujua.

Huku joto limepita kiasi. Nyenje wanaanza kelele kabla jua halijatoka, na paka wako mzee halali tena popote ila kwenye sakafu ya bafu. Anakula vizuri. Mti wa persimoni nyuma ya nyumba umebeba sana mwaka huu, tawi moja nimelazimika kuliwekea nguzo.

Mimi ni mzima. Nimeandika hivyo kwa mazoea, kisha nikaitazama hiyo sentensi muda mrefu, wala sijui kama ni kweli. Mwili hauna tatizo. Kichwa ndicho sikielewi, Shangazi, na ndiyo sababu nakuandikia.

Siku ulipoondoka, pale uwanja wa ndege, uliniambia nikuandikie habari zote isipokuwa za pikipiki. Nimelishika neno hilo miaka yote hii. Nimekuandikia habari za mvua, za paka, za majirani waliooana na walioachana. Leo naomba uniruhusu mara hii moja. Kama huwezi kuisoma, mpe Chisato aisome kwanza, yeye ataamua.

Bado naendesha katika timu ya Mzee Ogino. Karakana yake ni ileile nyuma ya stesheni. Siku za wiki tunatengeneza skuta za wasambaza magazeti, lakini mwaka mzima mawazo yetu yako kwenye Jumapili moja tu, ile ya mbio za masaa manane. Waendeshaji tuko wawili. Mwenzangu anaitwa Renji Tsukahara, kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa wakulima wa chai. Ana kasi kuliko mimi na mdomo mrefu kuliko kasi yake. Alijiunga nasi mwaka juzi, kwa hiyo hakuwahi kumwona Yuzuru wetu akiwa hai hata siku moja. Shika hilo, Shangazi, maana habari yote iko hapo.

Basi Jumapili iliyopita tulikimbia. Tuliendesha kwa zamu, saa moja yeye, saa moja mimi. Ninachokumbuka cha mwisho ni kwamba nilikuwa nimekaa nyuma ya gereji yetu ya pale uwanjani, miguu yangu miwili ndani ya beseni la maji ya barafu, nikisubiri zamu yangu ya tatu. Mama Ogino alinitia plamu ya chumvi mdomoni kama mtoto, akasema, "Tafuna, usimeze nzimanzima." Nikatafuna. Nakumbuka ukali wake kwenye ulimi.

Halafu nikaona pazia la kijani.

Hakuna kitu katikati, Shangazi. Siyo giza, siyo usingizi, siyo ndoto. Plamu, halafu pazia. Nilidhani ni turubai la gereji, nikauliza nani anaendesha sasa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanijibu kwa upole kwamba ni Jumatatu asubuhi.

Nesi mmoja, binti mwenye miwani, akaingia na kipimajoto.

"Habari ya asubuhi, Shuhei Minase. Leo utanikumbuka?"

"Tumewahi kuonana?"

"Jana uliniuliza jina mpaka nikatamani kuliandika ukutani."

Nikamwomba radhi. Akacheka, akanirekebishia mto, kisha akachungulia mlangoni.

"Na yule ndugu yako mbona hajatokea? Tumemwekea kiti."

"Ndugu gani?"

"Yuzuru. Si ulisema anamalizia mbio, akitoka huko anakuja na tikitimaji? Ulitukataza tusivute pazia, eti akikuta limefungwa atadhani umelala, ataondoka."

Niligeuza kichwa. Kiti chenyewe kilikuwa pale, upande wa dirisha, kimegeuziwa kwangu. Binti wa watu alidhani nimechoka, akaniacha.

Mchana alikuja Daigo, fundi wetu, na nguo zangu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shujaa! Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Mimi nani?"

"Mwehu."

"Haya, amepona! Mwambieni daktari." Akakaa kwenye kile kiti. Nilitaka kumwambia asikae pale, nikashindwa kueleza kwa nini.

Yeye ndiye aliyenisimulia nilivyoanguka. Kwenye kona ya kushoto, saa kumi na moja jioni, tairi la mbele liliniponyoka, nikateleza hadi kwenye changarawe. Nikainuka, nikaiinua pikipiki, nikapanda, nikairudisha gerejini usukani ukiwa umepinda kama pembe la mbuzi. Watu majukwaani walisimama wakapiga makofi. Nikashuka na kumwambia Mzee Ogino, "Breki ya mbele inavuta kushoto. Mengine sawa."

"Mengine sawa!" Daigo akajipiga paja. "Kigingi cha mguu hakipo, kioo cha mbele hakipo, nusu ya ganda tumeliacha changaraweni, na wewe unatuambia mengine sawa!"

Tulikuwa wa kumi na tisa kabla ya kuanguka. Wao waliitengeneza pikipiki haraka, daktari wa uwanjani akanitazama macho akasema siendeshi tena, nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Renji akaingia, akaendesha zamu mbili mfululizo peke yake katika joto lile, akafika mwisho taa zimewashwa. Tukawa wa ishirini na nane. Kwa timu ya karakana kama yetu, kufika tu ni sherehe.

"Renji yuko wapi?" nikauliza. "Nimshukuru."

Daigo akaanza kukagua kamba za viatu vyake. Akasema kijana amechoka, atakuja.

Hakuja. Nilitoka hospitali Jumanne na onyo la daktari kwamba mwezi mzima nisipande hata baiskeli. Njiani muuza tofu alitoka dukani kunipongeza. Mwalimu wangu wa zamani alinishika mikono miwili, akaniambia nimeupa mji wa Suzuka heshima. Nikawa nainama na kusema ahsante, ahsante, kama mtu anayepokea zawadi iliyoandikwa jina la mwingine. Nani aliiinua ile pikipiki? Mimi sikuwepo.

Karakanani nikamkuta Mzee Ogino anafungua injini ya skuta. Hakuinua kichwa.

"Renji ameomba kuacha," akasema.

"Kuacha kazi?"

"Kazi, timu, vyote."

"Kwa nini? Si amefanya kazi ya watu wawili?"

"Muulize mwenyewe." Halafu, baada ya kukaza nati mbili: "Au muulize Mama kwanza."

Nilikwenda nyuma jikoni. Mama Ogino alikuwa anachuja tambi. Aliniwekea bakuli na barafu juu, akavua aproni, akakaa mbele yangu. Nikajua habari ni nzito, maana unamjua, hakai mtu akiwa anakula.

Yeye ndiye aliyepanda nami gari la wagonjwa. Akasema nilikuwa na furaha. Alirudia neno hilo. Njia nzima nilimsimulia mambo ya Yuzuru, jinsi tulivyotumbukiza tikitimaji kwenye kisima cha hekalu lipoe, kamba ikakatika, na Yuzuru akataka kushuka kulifuata mpaka ukatokea wewe na fagio. Nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Sijakuona ukicheka hivyo tangu msiba," akasema.

"Mama, hukuniambia kwamba Yuzuru hayupo?"

Akavuta pumzi. "Nilikwambia. Mara ya kwanza ulipouliza amefika wapi, nilikwambia. Ulilia, Shuhei. Ulilia kama siku ile ya mvua, kama ndiyo kwanza umepigiwa simu. Muda kidogo ukanyamaza, ukafuta macho, ukaniuliza tena kwa uso mkunjufu kabisa: Yuzuru amefika wapi?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema yuko mzunguko wa mwisho, anakuja. Ulitaka nikuue mara ngapi kwa siku moja?"

Tambi zilivimba bakulini, hatukuzigusa. Akasema Obon, siku za marehemu kurudi nyumbani, imekaribia, pengine mtoto ametangulia kidogo tu, hakutaka kungoja foleni ya marehemu wengine. Alisema hivyo anichekeshe. Nilicheka kweli, kisha sikujua macho yangu yanafanya nini.

Shangazi, hapa ndipo ninapopotea. Kwa jioni moja mwanao alikuwa hai. Alikuwa hai ndani ya kichwa changu mimi, binamu yake niliyelala naye godoro moja tangu utotoni. Alikuwa anaendesha pikipiki, anakuja, ana tikitimaji. Na mimi, mtu pekee duniani niliyekuwa naye jioni hiyo, sikumbuki hata chembe. Nesi anakumbuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili anakumbuka. Ninamwonea wivu huyo Shuhei wa Jumapili, na wakati huohuo namwogopa. Usiku nalala chali nikijaribu kurudi pale kwenye plamu ya chumvi nione kinachofuata, na kila mara nakutana na pazia. Sijui niombe irudi au nishukuru kwamba imekwenda. Sijui hata kama nina haki ya kukwambia. Lakini nisipokwambia wewe, nimwambie nani?

Alhamisi Daigo alinipeleka kwa kigari cha mizigo hadi kwa wazazi wa Renji. Nilimkuta bandani, anasafisha meno ya mashine ya kuchumia chai kwa brashi. Aliponiona alisimama wima, akainama chini kabisa, hakuinuka.

"Dogo, inuka. Unatafuta nini huko chini?"

"Samahani, kaka Shuhei."

"Samahani ya nini? Umeifikisha pikipiki."

"Samahani."

Nilikaa juu ya kreti. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa jua. Nikamwambia nimeshajua nilivyokuwa, Mama Ogino ameniambia, basi na yeye aseme la kwake. Akaendelea kusugua meno yaliyokwisha safishwa. Mwishowe akasema akiwa amenipa mgongo.

"Nilikuwa navaa glavu. Wao wanagonga usukani kwa nyundo. Wewe umekaa kitini na barafu shingoni. Ukaniita Yuzuru."

"Ukasemaje?"

"Nikataka kusema mimi Renji. Nikamtazama Mzee. Mzee akageuka, akaanza kukagua tairi ambalo alishalikagua. Nikaona labda nikuache, daktari yuko njiani. Halafu ukaniuliza kama nimempigia mama."

Nikaisogeza kreti karibu naye.

"Nikasema bado. Ukakasirika, kaka! Sijawahi kukuona vile. Ukanishika suti ya mbio hapa shingoni. Ukasema, 'Yuzuru, yule mama amezima runinga tangu asubuhi, amekaa na simu mapajani, na wewe unasema bado?' Ukasema sipandi mpaka niahidi."

"Ukaahidi."

"Nikaahidi. Nilisema, 'Nikifika tu, nampigia.' Nikasema hivyo kwa jina la marehemu, mtu ambaye hata sura yake naijua kwa picha ya ukutani tu." Sasa akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ukaniachia. Ukatabasamu ukaniambia, 'Haya, nenda.' Nikaenda. Zamu mbili, kaka. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, sikuona vizuri kwa jasho, mara mbili nilitaka kuingia nimwambie Mzee basi. Kila nikipita mbele ya gereji nasema, nikiachia hapa, nani atampigia yule mama?"

Nikamwambia mama yake mwenyewe yuko ndani, amempigia au hajampigia ni mamoja.

"Siyo huyu!" akasema kwa sauti hadi mbwa wao akabweka. "Huyu namwona kila siku, ananigombeza nisiache viatu mlangoni. Niliyeahidi kumpigia siye. Nimefika, nimeshuka, watu wananimwagia maji, wananibeba, na mimi nimesimama pale na simu mkononi sijui namba. Nimemdanganya mgonjwa na nimemdanganya marehemu. Nitarudije kukaa kwenye ile pikipiki?"

Yeye hakujua kwa nini niliuliza vile. Wewe unajua. Unajua kwamba hukuweza kutazama hata mbio moja ya mwanao, ulizima runinga na redio ukakaa umeegemea ukuta na simu mapajani, na yeye kila mbio ikiisha, kabla hajavua suti, alikwenda nyuma ya gereji, akainamia ukuta, akakupigia. Alikuwa hakwambii ameshika nafasi ya ngapi. Alisema tu, "Mama, nimefika." Halafu ndipo alikuja kunywa maji. Tulimcheka kwa hilo, timu nzima. Mbio zote hizo alirudi, kisha akaja kufa kwa skuta ndogo, barabara ya mvua, amekwenda kununua barafu. Siku hiyo haikuwa ya mbio, hakukuwa na cha kukupigia.

Nilimweleza Renji hayo yote, pale bandani, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: kama ungemchukia mtu mgeni akikupigia.

Nilimwambia sijui. Ndivyo nilivyomjibu, Shangazi, maana ndiyo kweli. Sijui kama ninakuletea faraja au ninakufungulia kidonda kilichoanza kukauka. Nimeandika barua hii na kuichana, nimeiandika tena. Mama Ogino anasema nitume. Mzee Ogino anasema mambo ya wanawake na simu hayamhusu, kisha jana akaniuliza kama ninayo anwani yako sahihi.

Basi nimempa Renji namba yako. Kama nimekosea, kosa ni langu, yeye hana hatia.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu barua hii itakuwa imeshafika. Siku hiyo huku itakuwa jioni, huko kwenu asubuhi, baada ya wewe kumaliza kumwagilia bustani. Simu italia. Atakuwa yeye. Nimemkataza kuigiza mtu, na mwenyewe hataki. Atataja jina lake, Renji Tsukahara wa Suzuka, na atakwambia kwamba amefika. Hajui kusema zaidi ya hapo, tumefanya mazoezi anakwama. Ukitaka kumjibu, mjibu lolote. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, atangoja kidogo kisha ataaga. Na usipopokea, Shangazi, hatutauliza kwa nini. Atakuwa ametimiza ahadi kwa kupiga.

Amerudi kazini tangu jana. Anasema atajua kama anaendelea na mbio baada ya siku hiyo. Mimi naye tuko sawa kwa hilo.

Msalimie sana dada Chisato na shemeji Valdir, na uwapakate kwa niaba yangu Akemi na mdogo wake Marcelo, ambaye nasikia sasa anatembea na kuvunja vyombo. Mama Ogino anakusalimu, anasema tambi za huko haziwezi kuwa tambi. Daigo naye anainama. Wiki ya Obon nitakwenda kaburini kuliosha jiwe, na nitaweka maua ya upande wako pia.

Mbingu zikulinde, zikupe usingizi mwema na kifua chepesi, na siku zako zote huko ugenini ziwe na watu wa kukaa nao.

Ni mimi mwanao wa kulea, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Shuhei